Mama Yako Aliuliza Samaki Yule Anakula Nini

Mwanangu Furaha,

Tangu siku ile uliyopiga simu ukalia, sijakujibu. Nimechoka, mwanangu. Hata maneno yamekuwa mazito.

Unakumbuka ulivyotupigia mara ya kwanza, kabla meli yenu ya utafiti haijaondoka? Mama yako alikuwa anaponda ndizi za lituma hapa Mangobo, akaacha mchi ndani ya kinu ili akusikie vizuri. Ukatueleza samaki unayemfuata: ana kichwa kikubwa na mkia mwembamba kama wa panya, anaishi chini kabisa, kusikofika jua. Yuko karibu katika bahari zote, ulisema, anakua polepole na kuzeeka sana. Mimi niliyezaliwa Wagenia, kando ya maporomoko, niliyetega vikapu maisha yangu yote katika maji yanayonguruma, sikuweza kuwaza maji yaliyotulia namna hiyo.

Mama yako akauliza, "Sasa kule mu giza, anakulaka nini?"

"Chenye kinakufa juu na kuanguka, mama. Anasikia harufu yake toka mbali."

"Bon, Mungu hakumusahau!" Akacheka. Baada ya hapo hakuna jirani aliyepita mlangoni bila kusimuliwa samaki wa binti yake.

Homa ilipomshika, tonton wako, ndugu yangu, alikutafuta mchana kutwa. Mlikuwa mbali baharini, simu haikupita. Mama yako ndiye aliyemzuia: "Musimusumbue mutoto. Iko kazini. Akimaliza, atakuja."

Tukamzika bila wewe. Kwenye matanga shangazi yako akasema mbele ya watu, "Mutoto amechagua samaki."

Kisha habari ikakufikia, ukapiga wewe. "Papa, naacha masomo. Narudi nyumbani." Nikakusikia ukilia mpaka simu ikakatika.

Siku hizi vikapu wanavuta kaka zako. Magoti yangu hayasimami tena kwenye mawe ya maporomoko. Nakaa tu kibarazani. Chakula wananiletea, nakigusa kidogo, narudisha sahani.

Jibu langu ndilo hili: usiache. Njoo, lakini njoo tulie pamoja, usije kukaa. Kaburi la mama yako bado ni udongo mtupu. Padri ameniuliza mbona halina msalaba, nikamwambia binti wa marehemu yuko njiani. Msalaba uko tayari, nimeuegemeza ukutani chumbani kwetu. Tutaupeleka mimi na wewe, tuushindilie vizuri, halafu utarudi kwenye meli yako.

Nimechoka, Furaha, lakini kungojea bado naweza.

Papa yako