Kompyuta Iliyomnenepesha Mama Njue

Timau, nyumbani kwa Njue

Mdogo wangu Ciarunji,

U mzima? Na magoti yako, bado yanalia kama mlango wa kanisa? Mimi nipo, ila baridi ya huku imenigandisha hata uongo hautoki. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu nyumba ya mwanangu ni ndogo na kila ukuta una masikio.

Mke wangu, Mama Njue, hajapata nafuu. Tulimleta huku awe karibu na hospitali, sasa nesi humjia nyumbani na kompyuta ya kubeba kwapani. Anauliza mgonjwa alikula nini jana, anabonyeza, na mashine inasema kama chakula kinatosha. Kendi, mke wa Njue, huwa amesimama hapo na mwiko. Nawe unatujua sisi Wambeere: mama mkwe gani atasema mbele ya mke wa mwanawe kwamba chakula chake kimemshinda?

"Nilimaliza viazi vyote, na mayai, na maziwa," anasema Mama Njue.

"Shosho anakula vizuri!" nesi anafurahi; ndivyo anavyomwita nyanya.

Kwa hesabu ya ile mashine, mke wangu amenenepa kuliko fahali wa chifu. Lakini mimi ndiye ninayemgeuza kitandani, Ciarunji. Amekuwa mwepesi kama kikapu kitupu.

Juzi nesi alipokuja nikamtuma Kendi dukani aniletee ugoro, na ugoro ninao tele. Nikamwambia nesi, "Muulize sasa."

Mama Njue akanikodolea macho, kisha akasema polepole, "Ni uji kidogo tu. Hicho kingine anamaliza huyu mlafi."

Tukacheka wote. Nesi akabonyeza upya, na alipoona jibu akaifunga mashine. Huko nje akaniambia, "Mzee, tungejua mapema tungejaribu mengi. Sasa mpe anachotamani."

Anatamani uji wa mawele ya huko Kiritiri, yaliyosagwa kwa jiwe. Kendi nilimweleza ukweli mwenyewe. Alilia sana, halafu akauliza huo uji unapikwaje. Mimi nitajua wapi? Njoo umfundishe. Usitume mawele kwa gari, njoo nayo mwenyewe, na sweta nzito.

Nisalimie mume wako na mbuzi wake wezi, na shangazi yetu asiyeona. Mwambie mimi bado ni kijana mzuri, hawezi kubisha.

Na ukipigiwa simu kabla hujatoka, mawele uyaache. Wewe njoo tu.

Ni mimi kaka yako,
Nyaga