Waya wa Kurudi

Mjukuu wangu Hamisi,

Marahaba, shikamoo yako imefika hapa Kiswere. Sote wazima, alhamdulillahi. Korosho zimeanza kudondoka, na shangazi yako kajifungua mtoto wa kike.

Unauliza kama ukifunga alteneta kubwa, izalishe umeme zaidi, taa za gari lako zitaacha kufifia. Peke yake haitoshi. Babu yako, Mungu amrehemu, alifunga ya lori kwenye pikapu yetu ya samaki, hapa hapa uani, na waya mnene mpya mpaka kwenye betri. Taa zikabaki hafifu. Akaitukana alteneta siku mbili.

Nikamwuliza, "Huo umeme ukishakwenda, unarudi kwa njia gani?"

Akanionyesha waya wa bodi, ule unaotoka kwenye betri kwenda kwenye bati la gari. Ulikuwa ule ule wa zamani, mwembamba, tena kaufunga juu ya rangi ya mashua, aliyoipaka mwenyewe ili chumvi isile bati. Nikamwambia achomoe betri, nikaikwangua ile rangi inayozuia umeme kwa kisu cha samaki mpaka chuma kikang'aa. Tukafunga waya mnene. Alipowasha, ilibidi nifumbe macho.

Basi usiusahau waya wa kurudi. Na wewe mwenyewe, mwaka wa tatu huu, unarudi lini?

Bibi yako,
Somoe