Kimashine Kilichomsifu Babu

Maungu, 4 Machi 2025

Mutheu,

Umetuharibia mzee! Salamu utazikuta chini, kwanza sikia. Tangu uje mwezi uliopita na kimashine chako cha chuo, ukachovya kijiti kwenye mkojo wa babu yako ukamwambia ile kitu ya ubongo, dopamini, anayo kushinda vijana, mzee Mulinge amekataa vidonge vya kutetemeka alivyoandikiwa na daktari Voi. "Mjukuu wangu amempita daktari," anasema. Siku tisa sasa. Mikono inampapatika kama kuku aliyechinjwa, hata kifungo cha shati namfungia mimi. Nikimsemesha ananiuliza, "Wewe ulifika darasa la ngapi?" La tatu, na hilo la tatu ndilo limemlisha miaka arobaini na nane!

Naandika kwa karatasi kwa sababu kila simu anaisikiliza. Uzima tunao, mbuzi wamezaa. Wewe hujambo? Jibu upesi.

Susu wako, Mbinya


Nairobi, 7 Machi 2025

Susu, bibi yangu,

Shikamoo. Mimi mzima, ila tangu barua yako ifike sijatulia.

Kosa ni langu. Kimashine kile bado tunakijaribu, sikupaswa kumtajia babu namba yoyote. Kijiti kinapitisha umeme kidogo sana. Dopamini ikikigusa inaachia umeme wake, nasi tunaupima huo. Lakini vitamini C nayo inaachia umeme pale pale, na kijiti hakijui kuzitenganisha. Tena mkojo hausemi yaliyo kichwani, na babu anatetemeka kwa sababu dopamini imepungua huko kichwani. Kwa ajili ya vitamini hiyo nilisisitiza asile kitu asubuhi ile. Alikula nini, Susu? Niambie ukweli.

Tafadhali mpelekeni Voi, daktari aseme arudie vidonge namna gani. Nitampigia babu nimweleze.

Mjukuu wako, Mutheu


Maungu, 13 Machi 2025

Mutheu,

Umempigia, umeeleza dakika ishirini, na alipokata simu akaniambia, "Umeona? Umemtisha mtoto." Jana ameshindwa kuinuka kitandani. Mimi na jirani Festus tumemnyanyua kama gunia la mahindi. Daktari amekubali aanze tena. Vidonge viko mezani, mdomo ameufunga.

Unauliza alikula nini. Uji wa ubuyu, wenye hiyo vitamini C yako tele. Bakuli mbili. Na usinipandishie sauti! Nyumba hii mtu haendi hata kanisani na njaa, sembuse kupimwa. Nilimwambia anyamaze, akanyamaza. Ni mara ya kwanza kunitii tangu anioe.

Basi, maneno ya simu yameisha. Barua hii naipa dereva wa basi, jioni unayo. Kesho omba ruhusa chuoni, panda basi lake hilo hilo, ulete kimashine. Nitapika uji ule ule mbele ya Mulinge, wewe uchovye kijiti ndani ya sufuria, namba aisome mwenyewe na miwani yake. Akishaona uji una ubongo kumshinda, mtilie kidonge mdomoni hapo hapo, kabla hajapata la kusema.

Susu