Ndiyo za Kaka Mshale

Nyumbani, chumba cha cherehani,
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Hujambo huko, wewe na wifi yangu? Kile kifua kimeacha kukusumbua? Mimi mzima, ila miguu inavimba kwa kukanyaga cherehani. Mama anakula vizuri na analalamika vizuri, basi ujue hajambo.

Sasa kaa chini. Kaka yetu Mshale yuko mahabusu, leo siku ya kumi na moja. Duka la vitambaa lililo mkabala na meza yake ya kutengeneza saa lilivunjwa. Asubuhi polisi walimkuta mlangoni, ameshika saa ya ukutani ya duka lile, anaitengeneza.

Walimhoji peke yake mpaka adhuhuri. Kadi ya kliniki ya wagonjwa wa akili ilikuwa mfukoni mwa shati lake, pale pale ninapoiweka kila siku. Hakuna aliyeisoma. Nilipofika, alikuwa ameshatia sahihi maelezo ya kurasa tatu kwamba yeye ndiye mwizi. Nilikasirika, sikufichi.

Unazijua ndiyo zake. Ni sisi tuliomfundisha. Tangu alipoanza kuumwa, kila sauti zikipanda humu ndani tulimwambia, "Wewe sema ndiyo, yaishe." Mimi nilimwambia kuliko wote, na linaniuma.

Nilimweleza mpelelezi. Akanijibu, "Mama, huyu mtu mzima, amekiri mwenyewe." Nikamgeukia Mshale, nikamwuliza taratibu, "Kaka, ni wewe uliyemuua baba?" Akasema, "Ndiyo." Baba aliyekufa kwa figo, hospitalini, wewe umemshika mkono. Mpelelezi akaweka kalamu chini. Lakini zile kurasa hakuzichana.

Tumepata wakili wa msaada wa kisheria, mwanamke mpole asiyependa mzaha. Anasema kaka alikuwa na haki ya kunyamaza, na ya kuelezwa hivyo kwa maneno anayoyaelewa. Alistahili wakili, na kwa ugonjwa wake, daktari ampime kwanza na ndugu aketi kando yake. Tarehe ishirini na nne hakimu ataamua kama maelezo yale yatapokelewa. Yakipokelewa, kaka anafungwa.

Wewe ndiye uliyempeleka hospitali mara ya kwanza. Andika ulichokiona, utie sahihi, uniletee haraka nimpe wakili. Najua mkono wako ni mzito kuandika; safari hii usinifanyie hivyo.

Siku hizi nikimpelekea chakula namfundisha kusema hapana. Namwuliza kama mimi ni askari, kama nina ndevu. Anasema ndiyo. Jana nilichoka, nikakusanya vyombo, nikamwuliza, "Basi kaka, niende?" Akanishika gauni. "Hapana," akasema.

Mama anakusalimu, na shangazi, na fundi viatu anayemlindia kaka meza yake. Mshale nilimwuliza kama anakukumbuka. Alisema ndiyo, na hiyo niliiamini.

Mungu akutunze na akupe wepesi wa mkono.

Wako akupendaye daima,
Dada yako.