Mia ya Kwao na Mia ya Kwetu

Mbeya, Jumatatu, Septemba 1957. Baridi kavu, upepo na vumbi.

Kikohozi kimoja kifupi kimenikaa masikioni tangu jana. Baba yake Ambakisye, mchumba wangu, alikuwa akitoka kanisani, nami niko mbele yake njiani. Kwetu Wanyakyusa binti aliyeposwa hamtazami baba mkwe wala hasemi naye, na mzee mwenye adabu hukohoa mapema ili binti apate kujificha. Nikaingia migombani, nikampa mgongo. Alipopita nikajiuliza kwa mara ya kwanza maishani: kile kilikuwa cha heshima, au cha homa?

Ndiko homa hii ya mafua iliyozuka ilikotufikisha. Shule ninakofundisha imefungwa, nusu ya wanafunzi wangu wamelala wagonjwa, na mimi nazunguka nyumbani kama kuku aliyenyang'anywa kiota.

Ambakisye yuko migodini, Rhodesia ya Kaskazini, tangu mwaka jana. Leo nimemkumbuka kwa mambo yasiyo na maana: anavyopuliza chai hata ikiwa imepoa, anavyovua kofia kabla ya kusema neno zito.

Ninamtaka hapa. Basi.

Juzi mwalimu mkuu alinipa gazeti. Limeziweka nchi mbili bega kwa bega, kwao kule Rhodesia na kwetu, na kueleza katika kila wagonjwa mia wa homa hii wanakufa wangapi. Kwao ni wengi kuliko kwetu. Habari ikamfikia mzee, na jana mchana nikaitwa.

Nilisimama nyuma ya nyumba, yeye akakaa ndani. Mkewe akasimama mlangoni kuyapokea maneno huku na kuyapeleka kule, ingawa ukuta ni wa matete na tope na kila mmoja wetu alimsikia mwenzake vizuri.

"Mwulize mwalimu, ni kweli kule wanakufa zaidi?"

Nikajibu kama ninavyowafundisha watoto hesabu. Gazeti linasema hivyo, mama, lakini mia zile hazifanani. Ambakisye mwenyewe alinieleza alipokuja likizo: kule mwenye homa anashuka shimoni hivyo hivyo, anayeandikwa mgonjwa ni yule aliyebebwa hadi hospitali. Katika mia ya waliobebwa, lazima wafe wengi. Kwetu zahanati inamwandika kila mtoto mwenye kamasi, ila anayefia huku mlimani tunamzika wenyewe, hakuna anayeshuka kutoa habari. Ni kulinganisha debe lililorundikwa na debe lililosawazishwa kwa fimbo.

Mama akageukia ndani. "Anasema ndiyo. Kule wanakufa zaidi."

Akaishia hapo.

Mzee akaguna. "Basi jirani akirudi migodini kesho ampelekee neno. Amwambie Ambakisye kwamba mama yake anaumwa sana, aje."

"Niumwe mimi? Ugua wewe, baba! Mimi nina mahindi ya kupukuchua."

Mzee akacheka, naye mama akacheka, lakini macho yake yalikuwa kwangu, yamejaa maji. Nilimwelewa. Alikuwa amechukua nusu ya maneno yangu, ile nusu ambayo moyo wangu pia ulikuwa umeichagua. Sikumsahihisha.

Niliporudi nyumbani nilikuwa na furaha, na furaha ile ilinitia hofu. Nilianza kupanga kitenge gani nitavaa. Kisha nikaliona akilini lile lori la kumrudisha: watu magoti kwa magoti, turubai limefungwa kwa ajili ya baridi, huyu anakohoa usoni mwa yule, kutwa nzima. Homa yenyewe ililetwa kwetu na malori hayo hayo. Kule aliko sijui hatari yake ni kiasi gani, na gazeti halijui. Ya ndani ya lori naijua. Je, nampenda yeye, au napenda tu kuwa naye?

Sikupata jibu zuri. Nilipata jibu la kutosha.

Leo alfajiri, kabla jirani hajafika kuuchukua ujumbe, nimekwenda tena nyuma ya nyumba ile. Mama alikuwa kisimani. Hapakuwa na wa kunisemea. Nimeuelekea ukuta na kusema kwa kinywa changu mwenyewe: "Baba, asiitwe. Hesabu zile hazisemi kwamba huku ni salama kuliko kule. Njiani ndiko kubaya."

Nikamsikia mama akitua ndoo nyuma yangu. "Mwanangu! Umesema naye?"

Ndipo mzee akamwita mkewe, polepole, kama vile sijasema lolote.

"Mwambie mwalimu nimesikia."

Mama hakunirudishia maneno yale. Alijitwisha ndoo akaingia ndani, akanifungia mlango.

Jirani ameondoka saa mbili, mikono mitupu. Ambakisye atakaa huko mpaka mkataba wake uishe, na aliyeomba iwe hivyo ni mimi.