Nyati Kwenye Kijito cha Trauti

Halima mjukuu wangu,

Salaam aleikum. Hapa Isiolo tuko salama, na ngamia wa nyanya yako amezaa. Umeniuliza kama niliwahi kuogopa kama unavyoogopa operesheni utakayofanyiwa huko Nairobi.

Miaka ya sabini, rafiki yangu Mutwiri wa Timau alinifundisha kuvua trauti, samaki wa maji baridi, kwenye kijito cha kwao, kwa ndoano iliyofungwa manyoya ifanane na nzi. Siku moja nilikuwa ndani ya maji, samaki mkubwa amenasa, mara nyati akatoka kichakani kuja kunywa.

"Usimvute samaki," Mutwiri alininong'oneza kutoka ukingoni. "Akiruka, huyo mnyama atatushukia."

Nikalegeza mshipi. Nyati aliinua kichwa, akanitazama. Nikamuwaza mama yako, aliyekuwa bado ananyonya. Mwishowe nyati akanywa, akaenda zake. Samaki naye alikuwa ameshajinasua.

"Umesikitika kumpoteza?" Mutwiri aliuliza.

Nilibaki nimesimama majini, meno yakigongana. Akaingia majini na viatu vyake, akanishika mkono. Naye pia alikuwa na hofu, lakini tulitoka pamoja.

Mambo ya upasuaji siyajui, na mimi pia nina hofu. Jumapili napanda basi la Nairobi. Niambie tu uko wodi gani.

Babu yako,
Guyo