Limau la Espoir

Mama Odette, mshauri wetu wa redio, nakusalimu toka hapa Alunguli na vidole vyangu bado vinanukia karafuu, unisaidie haraka maana Noeli ni Jumapili na nyumba yangu nzima imechangamka kama soko. Mwaka huu watoto wangu, Fifi na Cédric, walikataa mapambo ya plastiki, wakasema tutengeneze yetu yenye harufu, basi tumekata machungwa vipande vyembamba tukavikausha polepole juu ya mbabula, jiko letu la makaa, kwa sababu mvua haitupi jua, tumechomeka karafuu kwenye malimau mazima mpaka yakafanana na nungunungu, tumefunga mdalasini na mchaichai kwa uzi mwekundu, na majirani wanaingia bila hodi kuuliza tunapika nini, nami nacheka kama mtoto, lakini moyoni nilikuwa na woga, kwa sababu mama yangu Hélène alikuwa anakuja toka Kibombo kula Noeli na sisi, na mama hajagusa pambo la Noeli tangu vita.

Wakati ule mji ulifungwa, hata chumvi ilikosekana, tulikuwa tunakaa ng'ambo ya mto, Mikelenge, kwenye nyumba yenye mti wa limau uani, na mama, ili tusiisikilize milio ya risasi, alituketisha tuchomeke malimau kwa karafuu ambazo jirani yetu Mama Jamila alikuwa amezitunza kwa pilau yake ya Idi, na mdogo wangu Espoir akatengeneza lake akasema hili ni la mama peke yake, na kabla Noeli haijafika homa ikamuua, dawa hakuna, barabara hakuna.

Sasa juzi mama alifika kabla ya siku tuliyomtegemea, mapambo sijayaficha, akasimama mlangoni na mchele wake kichwani, akanusa, nikajua Noeli imekwisha, na Fifi asiyejua lolote akamkimbilia bibi yake, "Koko, unuse! Hii njo ya kwako!" Mama akatua mchele, akaketi chini, akalia kidogo, kisha akavuta limau. "Munachoma vibaya, mutalipasua. Mutoboe kwanza na sindano. Mujomba wenu Espoir alijua." Mama Odette, jina hilo sikuwahi kulisikia kinywani mwake tangu tulipomzika!

Yeye na watoto wakatengeneza limau moja zuri kuliko yote, na sasa anataka kulivusha mto alitundike kwenye mti ule ule, watoto wanaruka ruka, lakini nyumba si yetu tena, wanakaa Waislamu tusiowajua, na mume wangu Rémy anasema, "Mutagonga kwa watu na mambo ya Noeli? Watatucheka." Mimi naogopa wakimfungia mama mlango atarudi kwenye kimya chake. Nimpeleke au nimzuie?

Mamy, Alunguli

Mamy binti yangu, pole, hongera, na sasa tulia nikugombeze. Miaka yote umemficha mama yako jina la mwanawe ukidhani unamtunza. Alikuwa na hamu ya kulitamka, nanyi mkimzunguka kwa adabu! Fifi amekushinda.

Na wewe Rémy, aibu! Karafuu za wakati wa vita zilitoka jikoni kwa nani? Nani hapa mjini Kindu hajala sahani ya Idi ya jirani?

Fanyeni hivi. Rémy avuke kwanza, mchana, apige hodi, aeleze yote, aombe ruhusa. Mti ni wao. Wakikataa, ashukuru arudi, na mama aambiwe nyumbani kwenu, si mbele ya mlango wa watu. Nawe Mamy, watoto usiwaambie tu kwamba mjomba alikufa. Waambie alichekaje, aliogopa nini, alipenda kula nini.

Hayo niliyasema hewani asubuhi hii, na sijamaliza simu ya studio ikalia. Mama mmoja wa Mikelenge, anaitwa Safia.

"Mama Odette, ule muti iko kwetu! Bwana yangu Hamadi njo ananisukuma nipige. Waje Jumamosi. Ule mama asipige hodi, aingie tu. Lakini walete karafuu mingi, watoto wangu wanataka kujifunza."

"Na malimau?" nikamuuliza.

"Malimau? Yanaanguka yenyewe, tunakosa wa kumupa!"

Studio nzima tulipiga makofi, fundi mitambo akasahau kuweka muziki.

Basi Mamy, maswali yamekwisha. Rémy bado atavuka kesho, sasa kwenda kushukuru, na avae shati safi. Jumamosi ondokeni asubuhi, mvua inyeshe isinyeshe, na mama ndiye ashike limau, mtu asimpokee. Na wewe Safia, chemsha chai ya kutosha. Mtakuwa wengi.